Huruma yenye daftari

Jumamosi moja mwaka 2020, ule wakati wa korona kazi zimekufa na mahoteli ya pwani yamefungwa, nilikuwa nimekaa kwenye meza ya plastiki nje ya kanisa letu huku Kisauni na daftari mbele yangu. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu, mtu akija namuuliza jina, naangalia kama yuko kwenye orodha, natia tiki, anasogea mbele anapewa unga pakiti mbili, mafuta nusu lita, maharagwe kilo na kipande cha sabuni. Ila kabla hajaondoka lazima asimame mbele ya bango la wafadhili apigwe picha. Akaja nyanya mmoja, mtu mzima kabisa, huyu namjua tangu niko mtoto manake alikuwa akiuza mbaazi na mahamri asubuhi pale kwenye kona yetu na nimezila kwa deni mara ngapi sijui. Kijana wa kamera akamwambia nyanya teremsha mfuko kidogo, umeziba bango. Akateremsha. Picha ikatoka vibaya kwa sababu ya jua, akaambiwa arudie na safari hii acheke kidogo. Akacheka. Alipokuwa akipita kwangu kwenda zake akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo picha yangu inakwenda kwa nani?" Nikamwambia kwa wafadhili, nyanya. "Wananijua?" Nikasema hapana. Akasema "Haya", akajitwika mfuko wake akaenda.

Tangu siku hiyo kila ikizuka hii mada ya huruma ya Kikristo na misheni kwa maskini mi hukumbuka ile "haya". Na mada yenyewe huzuka kila mwaka, watu wanagawanyika makundi mawili yale yale. Kuna wanaosema misheni imekuwa biashara, maskini ndo bidhaa, wanakuja na mkate mkono huu na masharti mkono ule, afadhali watuache tujipange wenyewe. Na kuna wanaojibu, kwani aliyepasuliwa bila kulipa na akapona anajali alipigwa picha? Njaa haingoji watu wamalize kubishana, na Yakobo kwenye waraka wake alishawasema wale wanaomwambia mtu aliye uchi enenda kwa amani ukaote moto halafu hata kanga hawampi. Mi nimekaa pande zote mbili, nimepokea na nimegawa, na naona tunaulizana swali la pembeni. Tunauliza kutoa ni kuzuri ama ni kubaya. Mi nataka kujua daftari ameshika nani, nani anaandika jina lako mle na nani anaweza kulikata kesho bila kukuuliza.

Sisi watu wa Kisauni tuna historia ya hili jambo hapa hapa barabarani. Ukivuka daraja la Nyali unafika Kengeleni, makonda wanaliita hilo jina kutwa nzima na wengi hawajawahi kujiuliza kengele ni ipi. Ipo, ni ya zamani, ya wamisionari wa Kianglikana wa CMS ambao miaka ya 1874 na 1875 walianzisha makao ya watumwa waliookolewa, wakapaita Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, yule mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Zanzibar kwa Sultan Barghash kumbana juu ya biashara ya watumwa. Mwaka 1873 soko la Unguja likafungwa, manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi baharini, sasa wale watu waliomo ndani wapelekwe wapi? Kwao ni mbali huko bara, Wayao, Wamakua, Wanyasa, ukiwarudisha wanakamatwa tena njiani. Basi wakaletwa hapa, wakapewa mahali pa kujenga, shamba, shule, kanisa, na jina jipya la ubatizo.

Hapo ndipo nawashangaa wanaoimaliza hii mada kwa sentensi moja. Wewe ni mtoto wa miaka tisa, umetolewa kwenye tumbo la jahazi, wenzako wamekufa kiu ubavuni kwako, kisha mtu anakupa uji na pa kulala na hakuna atakayekuuza tena. Sina la kubishana hapo, na nikiwa mimi ningeimba hizo nyimbo zao zote. Lakini kukaa pale kulikuwa na sheria zake na hukuzitunga wewe. Na miaka ya mwanzo ya 1880 malalamiko yakafika mpaka Uingereza kwamba msimamizi wa pale alikuwa akiwachapa watu viboko na kuwafungia. Yaani watu waliotoka kwenye viboko vya utumwa wakaingia kwenye viboko vya huruma.

Lakini subiri, kuna kisa kingine cha hapo jirani tu, Rabai, ambacho kwangu ni kizuri kuliko vyote na hakisimuliwi sana. Rabai ndiko Krapf na Rebmann, wamisionari Wajerumani wa hao hao CMS, walikoanzisha misheni mwaka 1846. Sasa watumwa wa mashamba ya pwani walikuwa wakitoroka wakikimbilia huko, na misheni rasmi ilikuwa imeshakubali kwamba haitapokea watoro, manake kwa sheria za wakati ule mtoro ni mali ya mtu, ukimpokea umeiba, na wenye mashamba walikuwa tayari kuja na bunduki. Hiyo ndo iliyokuwa kwenye karatasi. Waliokuwa wakiiendesha Rabai siku kwa siku lakini walikuwa Waafrika, mmoja wao William Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kutekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na akalelewa na kusomeshwa na misheni huko India. Watoro wakija usiku, walipokelewa. Mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya IBEA alipokuja kuangalia kuna nini, akakuta watoro zaidi ya 1,400 kwenye vituo vya misheni. Vita vilikuwa karibu kulipuka. Wakahesabiwa mmoja mmoja, zikachangwa pesa, na mwanzo wa 1889 wakapewa hati za uhuru.

Pesa zililipwa kwa nani? Kwa wenye watumwa. Aliyefanya kazi ya bure miaka kumi akapata karatasi, aliyemfanyisha akapata fidia. Nakubali bila hiyo fidia huenda damu ingemwagika, na mtu akiniuliza kama wangekataa kulipa ningesema walipe tu. Bado inauma. Ila kilichonishika zaidi kwenye hicho kisa ni kwamba huruma ya kweli, ile ya kuhatarisha shingo, ilitoka kwa watu waliokuwa wanajua kutoroka kukoje, na waliifanya kinyume cha amri za wakubwa wao wa misheni, kanisa hilo hilo moja. Kwa hiyo mtu akiniambia "misheni ilifanya hivi" huwa nauliza misheni ipi, ile ya ofisini ama ile ya Rabai saa nane usiku mtu anagonga mlango?

Na wazungu wenyewe tusiwafanye wote wabaya, si haki. Krapf alifika Mombasa 1844, na kabla huo mwaka haujafika mbali mkewe Rosine na kitoto chao kichanga wakafa, kaburi la Rosine liko upande huu huu wa Nyali, unaweza kwenda ukaliona. Mtu wa kutafuta mali angegeuza akarudi kwao. Alibaki. Akajifunza lugha, akaandika kamusi. Sisemi hilo linasafisha kila kitu kilichokuja baadaye, nasema tu huwezi kuita biashara kitu kinachomgharimu mtu hivyo.

Hospitali ndo hoja nzito kuliko zote za upande wa kutetea, na wanaoponda misheni huiruka haraka haraka. Kijabe ilianza 1915, Chogoria 1922, Tenwek 1937, na upande wa Tanzania kuna Haydom, Ndanda, Peramiho, kuna Bugando na KCMC zilizofunguliwa 1971. Angalia ramani uone ziko wapi, nyingi ziko mahali ambapo serikali ilichelewa kufika au haikufika kabisa. Mama mwenye uchungu uliokwama saa kumi usiku huko porini hana haja na nadharia yako ya ukoloni. Na kuna kitu ambacho hata hakina picha nzuri ya kuonyesha wafadhili, MEDS, makanisa ya Kenya Wakatoliki na Waprotestanti waliianzisha pamoja mwaka 1986 kununua dawa kwa jumla na kuzipima ubora na kuzisambaza kwa hospitali na zahanati ili dawa iwe ya kweli na bei iwe ya kuwezekana. Hakuna mtoto anayelia pale, ni ghala tu na maboksi na malori. Ukinipa shilingi ya huruma niipeleke mahali ntaipeleka kwenye mambo ya aina hiyo kabla ya kuipeleka kwenye bango.

Sasa ufadhili wa watoto. Hapa najua kidogo kwa ndani manake niliwahi kufanya kazi ya kutafsiri barua kwenye kashirika kamoja kadogo ambako sitakataja jina. Mtoto ana mfadhili wake (sponsa, na simaanishi ile sponsa ya Nairobi, mzee wa pesa anayemlea msichana), kila miezi mitatu anamwandikia barua. Fomu imeshachapwa: jina langu ni, mnyama ninayempenda ni, ninachopenda shuleni ni, naomba uniombee kuhusu. Siku moja kijana wa darasa la sita aliandika kwenye ile nafasi ya maombi kwamba baba amefukuzwa kazi na mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli, wanalala kwa jirani. Nikatafsiri kama ilivyo. Msimamizi akanirudishia karatasi akasema hii itamshtua mfadhili na ataona kama tunamwomba pesa zaidi, weka tu "niombee katika masomo". Nikaweka. Najuta mpaka leo, na kinachonichoma ni kwamba mle mle kwenye fomu ndo palikuwa mahali pekee ambapo yule mtoto angeweza kusema neno lake na likasikika.

Hicho ni kisa changu. Lakini kisa kimoja si takwimu, na hapa lazima niseme ukweli usionipendeza. Mwaka 2013 mchumi Bruce Wydick na wenzake walichapisha utafiti juu ya Compassion, lile shirika kubwa la ufadhili wa watoto kupitia makanisa, wakachukua taarifa za watu wazima zaidi ya 10,000 kutoka nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo, waliofadhiliwa utotoni wakilinganishwa na wasiofadhiliwa. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi kwa mwaka mmoja mpaka karibu mwaka mmoja na nusu, na uwezekano wao wa kupata kazi ya mshahara ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka mmoja na nusu unaonekana mdogo ukiwa na digrii yako, ila kwa mtoto ambaye angeishia darasa la saba hiyo ni kuanza sekondari. Kwa hiyo fomu ya "mnyama ninayempenda" inachekesha, na ada ililipwa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja na mi sioni haja ya kulificha moja ili lingine lipendeze.

Vituo vya watoto yatima ni habari nyingine na huko huruma imeharibu zaidi ya kujenga, naamini hivyo. Pwani hii watalii na vikundi vya makanisa ya nje wanapenda kutembelea watoto, na palipo na wageni wa kutoa pesa lazima wapatikane watoto wa kuonyeshwa, hiyo ni hesabu tu. Wengi wa hao "mayatima" wana mzazi hai, shida yake ni umaskini, na pesa za kumlisha mtoto kituoni zingetosha kumlisha kwao pamoja na ndugu zake. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, na mwaka 2022 ikaja na mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Vizuri. Tatizo ni kwamba kufunga kituo ni rahisi kuliko kuandaa nyumba ya kumpokea mtoto, na ukimrudisha pale pale alipotolewa na njaa ile ile ikiwa mlangoni, utamkuta mtaani Mwembe Tayari wiki ijayo. Kwa hiyo hata hapa, pamoja na msimamo wangu mkali, siwezi kusema fungeni kesho asubuhi.

Kuna hili la masharti. Wanaotetea misheni husema hakuna anayelazimishwa kuokoka ili apewe unga. Kwa maneno ni kweli. Lakini turudi 1929 huko kwa Wakikuyu, misheni ya Waskoti na ile ya AIM (Africa Inland Mission) walitaka waumini na walimu watie sahihi kiapo cha kukataa tohara ya wanawake na kujitenga na chama cha siasa cha KCA, kile kiapo wenyewe wanakiita kirore, dole gumba kwenye karatasi. Usipotia, unatolewa ushirika, na mtoto wako anapoteza shule. Sasa mimi binafsi tohara ya wasichana naipinga kabisa, leo Kenya ni kosa la jinai na iwe hivyo hivyo, wamisionari kwenye hilo walikuwa sahihi kuhusu madhara yake. Ila walipoifanya shule kuwa fimbo, watu walifanya nini? Waliondoka makundi kwa makundi wakaenda kujenga shule zao za kujitegemea, na tohara ikawa bendera ya uhuru, ikapata nguvu ambayo haikuwa nayo. Jambo jema likabebwa kwa mkono wa kubana na likazaa kinyume chake. Na mle mle, angalia, walikuwa wamechanganya jambo la mwili wa msichana na jambo la chama cha siasa kilichokuwa kikidai mashamba kwenye karatasi moja, kama vile ni dhambi moja.

Ndo maana nafikiri John Gatu alikuwa anasema kitu kikubwa kuliko watu walivyomwelewa. Huyu alikuwa katibu mkuu wa PCEA, Wapresbiteri wa Kenya, na mwaka 1971 alisimama mbele ya watu wa misheni huko Milwaukee, Marekani, akawaambia simamisheni kwa muda, wamisionari na pesa zenu pia, tuacheni tupumue tujijue sisi ni nani. Fikiria ujasiri wa kwenda nyumbani kwa anayekulisha ukamwambia hivyo. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika Lusaka ukaunga mkono, kelele zikawa nyingi dunia nzima. Mwaka mmoja kabla ya Gatu, Nyerere naye, Mkatoliki wa kila asubuhi misa, alikuwa ameenda New York kwa masista wa Maryknoll akawaambia kwamba umaskini wenyewe si ndo tatizo kuu la dunia, tatizo ni huu mgawanyiko wa matajiri na maskini, na kanisa likikaa kutoa sadaka tu bila kupambana na mifumo inayozalisha maskini litaonekana liko upande wa wanaonyonya.

Waliompinga Gatu hawakuwa wajinga. Walisema dawa zikikatika atakufa nani, wewe katibu mkuu? Atakufa yule wa kijijini. Na makanisa mengi madogo yalijua bila mshahara kutoka nje hayana mchungaji mwezi ujao. Kwa vitendo usitishaji wenyewe haukufika mbali, wamisionari waliendelea kuja na pesa ziliendelea kupokelewa. Lakini PCEA walilishika lile neno Jitegemea, wakachanga wenyewe, wakajenga, na mtu akitaka mfano wa kanisa la Kiafrika linalojilipia mambo yake watamtajia hao kati ya wa kwanza.

Mnaonisoma mko mbele yangu najua, mnataka kusema "na hao wenyewe je?" Haswa. Kujitegemea nako kuna daftari lake. Nimeona harambee ambapo mjane anasomewa jina lake kwa maikrofoni kwa sababu ametoa mia mbili wakati fulani ametoa elfu hamsini, na yule wa elfu hamsini ni mheshimiwa ambaye hakuna anayeuliza amezitoa wapi. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha mamilioni ambayo Rais Ruto aliyatoa kwenye parokia ya Soweto, na nchi nzima ikashtuka, na kule kushtuka kwenyewe kunakwambia tulikuwa tumezoea nini. Mzungu akishika daftari anakudharau kutoka mbali. Mheshimiwa akilishika anakuja kudai kura. Na sisi wa kamati tukilishika, ngoja niwe mkweli, tunaanza na ndugu zetu.

Ila Januari 2025 hoja ya Gatu ilirudi bila mtu kuiita. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje ghafla, kwa sahihi moja, na zahanati za makanisa zilizokuwa zikigawa dawa za ukimwi kwa pesa hizo zikajikuta zinawaambia wafanyakazi bakini nyumbani kwanza. Hizo si pesa za misheni, ni za serikali, lakini zilipita kwenye milango ya misheni na mgonjwa hajui tofauti, anachojua ni kwamba sista aliyekuwa akimpimia dawa hayupo. Watu waliokuwa wanamwita Gatu mkali miaka yote hiyo sijui siku hiyo walisemaje. Halafu kwa upande wa pili, kama pesa hizo zisingekuwepo kabisa kwa miaka ishirini iliyopita, tungekuwa tumezika wangapi? Mi nina majina ya watu wazima wanaotembea leo kwa ajili ya zile dawa. Kwa hiyo hapo siwezi kuchagua upande nikalala usingizi.

Kuna wanaotumia Biblia kumaliza mjadala, "asiyefanya kazi na asile", kama vile Paulo alikuwa akimzungumzia kibarua wa Kongowea anayebeba magunia ya viazi tangu saa tisa usiku na bado hashibi. Huyo anafanya kazi kuliko sisi sote tunaoandika. Na upande mwingine wanataja mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, kwa hiyo picha ni haramu, basi. Majirani zetu Waislamu wana ugomvi huo huo kila Ramadhani, picha za futari, mtu anampa mwenzake tende tatu na kamera nne. Hoja nzuri, lakini kuna mtu pia anayetoa kwa siri kabisa na bado anaamua peke yake nani ni maskini mzuri na nani ni maskini mbaya. Siri haimfanyi asiwe bwana mkubwa. Na Yesu mwenyewe baada ya kulisha watu elfu tano aliwaambia waziwazi mnanitafuta kwa sababu mlikula mikate mkashiba, alijua mkate unawafanya watu nini, na hata hivyo alikuwa ameshawalisha, tena bila kuwauliza kwanza kama wanaamini.

Mwaka 2022 ukame ulipokaza na unga ukapanda mpaka mia mbili na kitu pakiti, tuliamua kanisani kujaribu vingine. Daftari tukawapa akina mama wa chama kimoja cha mtaa, mchanganyiko, Wakristo na Waislamu, wale wanaochanga mia mia kila Jumapili jioni na wanajuana shida mpaka za ndani. Tukawaambia mtaandika nyinyi, sisi tutanunua tu. Siku ya kwanza wakamkata shemeji yake mzee wa kanisa. Ugomvi wake mjue tu. Wakamwandika mlevi mmoja ambaye mi ningemruka bila kufikiri mara mbili, nikawauliza huyu si atauza unga anywe, mmoja wao akaniambia, "Hatumpi yeye baba, tunampa mkewe, yeye jina lake liko pale ili asijisikie amefutwa nyumbani kwake." Mi hilo lisingenijia kichwani hata miaka mia. Wakaandika pia familia mbili zilizohamia juzi ambazo sisi hata hatukujua zipo.

Wakakataa picha. Walikubali moja tu, ya unga uliopangwa sakafuni kabla watu hawajaja. Tukaituma kwa wafadhili wetu wa miaka yote na maelezo mazuri kabisa, tukaeleza kwa nini, tukaweka na risiti za duka. Wakajibu kwa adabu, wakashukuru, wakasema wanachama wao wanahitaji kuona watu. Pesa zilizofuata zilikuwa kidogo sana, na zilizobaki tulichanga wenyewe. Mwaka 2020 tuligawa mifuko 120. Safari hii ilikuwa 43, na yule nyanya wa mbaazi hakuwemo, akina mama walisema mwanawe amepata kazi bandarini kwa hiyo kuna wanaohitaji zaidi. Nilipokutana naye njiani nikamweleza kwa aibu. Akaniambia anajua, walimuuliza kwanza.